Gobori Lililoogeshwa

Mtaani wanamwita Mama Fimbo, na mgeni akisikia anadhani ni kwa sababu ya ukali. Ukali anao, sikatai, lakini jina limetoka kazini. Anatengeneza magodoro ya pamba. Pamba ikikaa miaka ndani ya godoro inagandamana mabonge mabonge kama viazi, na dawa yake ni kuimwaga uani juu ya turubai na kuichapa kwa fimbo mpaka ifunguke, iwe nyepesi tena. Halafu anairudisha ndani ya kitambaa chake cha mistari, anashindilia kona, anaishona kwa sindano ndefu kama mkono kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Ukipita nyuma ya nyumba yake asubuhi utasikia pa, pa, pa, na katikati ya kila pa kuna neno la kumsema mtu.

Mumewe alikuwa mdogo wangu, Mungu amrehemu, kwa hiyo ananiita shemeji. Mimi miguu yangu haijawahi kupenda kukaa. Nimeuza sufuria, nimeziba ndoo zilizotoboka, nimelala stendi nyingi kuliko vitanda. Nikichoka narudi kwenye chumba chake cha nyuma, kati ya marobota ya pamba, na yeye anasema, "Umerudi, shemeji? Viatu viache nje, vimekanyaga dunia nzima." Ndiyo karibu yake hiyo. Chakula kinafuata bila kuulizwa.

Hasira zake nimekaa nazo muda mrefu na nimejifunza kuzitofautisha. Ipo ya pamba yenye mchanga, hiyo inaisha kabla chai haijapoa. Ipo ya mteja anayelala kwenye godoro mwezi mzima ndipo anarudi kusema halikushonwa vizuri, hiyo inachukua siku. Na ipo moja ambayo haijaisha tangu baba yake afariki. Hiyo ilikuwa inaning'inia juu ya mlango wa chumba chake cha kazi, kwenye misumari miwili.

Lilikuwa gobori. Vijana wengi hawajaliona, kwa hiyo nieleze: ni bunduki ya zamani ya kujazia mdomoni. Unamimina baruti kwa mbele, unaweka tambara, unaweka risasi ya duara, unashindilia yote kwa kijiti kirefu. Nyuma, juu ya kidude cha chuma kilicho kama mdomo wa valvu ya baiskeli, unavika fataki, kikombe cha shaba kidogo kuliko tundu la pua. Nyundo ikigonga fataki, moto unapita kwenye kitundu, unaingia kwenye baruti, na aliye mbele atajijua.

Baba yake alikuwa mlinzi wa mashamba ya watu, kazi yake kufukuza nguruwe pori na nyani. Alikuwa na watoto wa kiume wa kutosha, lakini aliyekuwa anafuatana naye kumshikia pembe ya baruti ni binti huyu. Mzee alisema wavulana mikono yao inatikisika, na baruti haitaki mkono unaotikisika. Msichana akajua kupima, akajua kukausha, akajua kusimama kimya nyuma ya bega la baba yake bila kukohoa.

Mzee alipofariki, kaka zake wakagawana. Shamba huku, mabati kule, ng'ombe wakaondoka mmoja mmoja. Mtu akauliza, na huyu binti je? Kaka yao mkubwa akacheka: "Mpeni hicho chuma kibovu. Si ndiye alikuwa askari wa baba?" Kikao kizima kikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alilichukua gobori, akalifunga kwenye shuka, akalibeba begani hadi kwake, na pale kwao hakukanyaga tena. Aliyebaki kuja kumsalimia ni mdogo wao wa mwisho, fundi baiskeli, anayeitwa Spoku kwa kuwa ni mwembamba kama waya wa gurudumu. Siku ya kicheko kile Spoku alikuwa mdogo, hakuelewa kilichochekwa. Hilo ndilo lililomponya na hasira ya dada yake.

Gobori hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Vumbi alilifuta mwenyewe kwa pamba kavu. Lilikuwa limevaa kutu mwili mzima, kutu ya zamani, rangi ya kahawa, iliyoshikamana kama ngozi. Nyundo ilikuwa imelegea, springi ilishakatika, na kile kitundu cha moto kilikuwa kimeziba. Lisingeweza kuua hata nzi.

Basi likapita gari la matangazo. Kila mwenye bunduki ya aina yoyote, iwe nzima au mbovu, ailete ofisi ya wilaya siku ya kukaguliwa. Zilizo kuukuu ambazo zimekufa zitaandikwa, zitapimwa thamani na mtaalamu wa makumbusho, na mwenyewe atarudi nazo nyumbani na cheti chake. Zilizo hai na hazina kibali zitakatwa vipande, na vibali vipya havitolewi.

Mama Fimbo aliacha kuchapa. Akaniambia, "Shemeji, umesikia? Zilizokufa zinarudi na cheti."

"Nimesikia."

"Cheti chenye jina langu. Mimi. Si kaka yangu, si mtoto wa kaka yangu. Nataka nione watacheka na nini tena."

Nikaelewa kwamba kilichokuwa kinakwenda kukaguliwa si chuma tu.

Tatizo likawa namna ya kulifikisha. Spoku akaja akasema, "Dada, niachie mimi. Wewe utatembeaje barabarani na bunduki? Watu watadhani umechoka na wateja." Akaomba alichukue mapema akalipimie mbao za kulifunga kwenye keria ya baiskeli, tukutane naye kule kule ofisini. Dada yake akakubali kwa shingo upande. Alimwonya asilionyeshe watoto, asiliache juani, asililaze chini. Kuhusu kulisafisha hakusema kitu. Nani angewaza?

Siku ilipofika tulikuta foleni ndani ya ukumbi wa mabati. Watu walikuwa na bunduki kwenye magunia, kwenye mikeka, moja kwenye mkoba wa gitaa. Mbele kulikuwa na meza mbili. Moja ya afisa wa silaha, mwanaume mpole mwenye macho ya kuchoka. Nyingine ya mthamini wa makumbusho, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na glavu nyeupe mikononi. Bibi mmoja akafungua kanga yake, mthamini akatazama, akasema kwa upole, "Bibi, hili ni bomba la maji."

"Bomba?"

"Bomba la maji."

"Basi marehemu amenitishia na bomba miaka yote hiyo," bibi akasema, akalifunga tena. Watu walicheka mpaka afisa akalegeza tai.

Aliyetutangulia alikuwa na gobori lenye kutu hasa. Mthamini aliligeuza kama mtu aliyepokea mtoto mchanga. "Umefanya vizuri sana hukulisugua," akamwambia. "Watu wanadhani kutu hii ni uchafu, wanaikwangua. Mimi naisoma hii. Ikitoka, na alama za waliolitengeneza zinatoka, na mimi sina cha kusoma." Akamwandikia cheti, afisa akagonga muhuri. Nilimtazama Mama Fimbo. Alikuwa ameinua kidevu. Sijawahi kumwona mtu anayejivunia kutu kiasi kile.

Ndipo Spoku akaingia na baiskeli, jasho linamtiririka, anatabasamu meno yote. Akafungua kamba, akakunjua kitambaa cha godoro, akaweka mezani.

Liling'aa. Mtutu ulikuwa umepakwa rangi ya fedha, ile wanayopaka fremu za baiskeli. Mti wake ulikuwa umepigwa msasa na vanishi mpaka unajiona uso. Skrubu zilikuwa mpya. Jua lilipopenya kwenye tundu la bati likagonga pale, bibi wa bomba akakinga macho.

Kidevu cha Mama Fimbo kilishuka. Wanaomjua wangeondoka pale.

"Nani amefanya hivi?" Mthamini ndiye aliyeuliza, sauti imekauka.

"Mimi," Spoku akasema. "Vanishi nimepaka mara mbili, mama. Na ndani nimesugua kwa mafuta ya taa." Akamgeukia dada yake. "Kitu kinachokwenda kupimwa thamani kinapelekwa kimeoga. Hata mtoto akipelekwa kliniki anaogeshwa."

Mthamini alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba kosa ni la miwani. Akapitisha kidole pembeni, penye bamba la kushikia nyundo. "Hapa palikuwa na alama. Nembo ya fundi, pengine na mwaka. Umezifuta kwa msasa." Akawasha tochi, akamulika ndani ya mtutu, akakaa hivyo muda mrefu. Aliponyanyuka uso ulikuwa umebadilika, na nilimwona amekasirika zaidi kuliko mwanzo.

"Mnajua hii ni nini? Magobori karibu yote ninayoletewa ndani ni laini, kama lile bomba la bibi. Hii ina mifuo. Mistari imechimbwa inazunguka kwenda mbele, ili risasi itoke inajizungusha na iende mbali bila kuyumba. Na tazameni hapa ubavuni, pana tundu la zamani limezibwa. Ilizaliwa ikiwa ya gumegume, ya kuwasha kwa jiwe, baadaye mtu akaigeuza iwe ya fataki. Za namna hii nimekutana nazo kwenye picha tu."

"Baba alikuwa anasema inaona mbali," Mama Fimbo akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Ingekuja na ngozi yake, mama, ningeiandikia thamani ya kukujengea nyumba. Sasa nashika kopo la rangi."

Afisa wa silaha alilivuta gobori kwake, akavuta nyundo nyuma kwa kidole gumba. Ikasimama kwa mlio safi, kla. Akaibonyeza mbele, ikarudi kwa nguvu. Akamtazama Spoku.

"Springi umetoa wapi?"

"Ya stendi ya baiskeli. Nimeipasha moto nikaipinda. Na kile kitundu kilikuwa kimeziba, nikakizibua kwa spoku." Alikuwa bado anasubiri kupongezwa, masikini.

Afisa akafungua kikopo, akatoa fataki, akaivika. Akatafuta kitu chepesi. Akaona nyuzi za pamba zimemshika Mama Fimbo begani, akaomba radhi, akachukua bonge dogo akaliweka mbele ya mdomo wa mtutu. Akaelekeza ukutani, akafyatua. Fataki ikapasuka, pa, na ile pamba ikaruka kutoka mezani, ikaelea, ikatua kwenye makaratasi ya mthamini.

"Inapumua," afisa akasema. "Ukiweka baruti, inapiga. Mama, samahani. Hii haiwezi kurudi nyumbani."

Spoku ndipo alipoelewa. Niliona tabasamu linamtoka usoni polepole kama maji yanayonywewa na mchanga.

Dada yake akamgeukia.

"Ulitaka nini?" Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. "Nakuuliza wewe. Walinipa chuma kibovu wakacheka. Nikakaa nacho kibovu hivyo hivyo. Ubovu wake ndio uliokuwa unakilinda. Wewe ukaenda kukitibu. Nani alikuambia kinaumwa?"

"Dada, nilitaka..."

"Ulitaka king'ae. Ulikiona aibu. Wale walikiona cha kuchekwa wakasema mdomoni. Wewe umesema kwa msasa."

"Mama, tusigombane hapa," afisa akasema.

"Na wewe usiniambie tusigombane. Asubuhi hii kilikuwa cha kurudi. Umetoa pamba kwenye nguo yangu, pamba yangu mwenyewe, ukaifanya shahidi. Tugombane wapi, kanisani?"

Afisa akatazama chini. Nadhani alikuwa na dada nyumbani. Akasema kwa sauti ya mtu anayesoma sheria huku anatamani iwe nyingine, kwamba kukatwa vipande si lazima. Njia ziko mbili. Aitoe kwa makumbusho, ikae kwao. Au Mama Fimbo aiue yeye mwenyewe mbele ya afisa, leo, kabla ofisi haijafungwa: chuma kichomelewe ndani ya mtutu, kile kitundu kizibwe, nyundo ifungwe isivutike. Ikifa hivyo, ataibeba arudi nayo.

Mthamini akainuka kabisa. "Wape makumbusho, mama. Rangi tutaitoa kwenye karakana yetu, taratibu, kwa dawa. Mifuo ya ndani bado iko. Ukiichomelea, umeimaliza."

"Mtaandika nini kwenye kile kikaratasi mnachowekaga pembeni?"

"Bunduki ya kujazia mdomoni, yenye mifuo, ya gumegume iliyogeuzwa kuwa ya fataki. Mmiliki wa kwanza hajulikani."

"Na baba yangu?"

"Tunaweza kuandika imetolewa na familia."

"Familia." Mama Fimbo alilirudia neno hilo kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. "Familia ni akina nani? Ni wale. Watakuja na suti zao, wapige picha mbele ya kioo chenu, waseme hii ya baba yetu. Mara ya kwanza nilipewa kwa kicheko. Sasa nanyang'anywa kwa heshima. Nionyeshe tofauti, mwanangu, labda mimi sioni vizuri."

Mthamini akavua glavu, akaziweka juu ya meza.

Mama Fimbo akakaa kwenye benchi, mikono magotini, mikono ile iliyopasuka kwa sindano. Tulimwacha. Kisha akauliza, taratibu, kama anavyouliza bei ya robota:

"Nikiichomelea, inakuwa na thamani gani?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Ya chuma chakavu, mama. Uipeleke kwenye mizani. Na hiyo nasema kwa uchungu."

"Hakuna mtu atakayeitaka."

"Hakuna mtu."

"Kaka yangu akisikia kuna bunduki ya bei ya nyumba, atakuja na wakili. Akisikia kuna chuma chakavu?"

Mthamini akachukua kalamu yake. "Hatakuja."

"Basi andika chuma chakavu. Andika kwa kalamu inayokolea." Akasimama. "Spoku. Tafuta mashine."

Nje ya ofisi kulikuwa na karakana ya mageti na nondo za madirisha. Mwenye karakana hakutaka matata ya bunduki, lakini alipoona afisa mwenyewe amesimama pale na mthamini nyuma yake, akampa Spoku mashine ya kuchomelea na kipande cha nondo. Spoku akaingiza nondo kwenye mtutu. Ile mifuo aliyoisugua kwa mafuta ya taa ikaminywa, ikalia, sauti ya chuma kinachokwaruza chuma. Mthamini akageuza uso. Kisha moto wa bluu ukawaka, na ile rangi ya fedha ikaanza kutoa mapovu na kuungua, harufu mbaya ikajaa. Mama Fimbo alichukua kioo cheusi cha fundi akakishika mbele ya macho yake, akatazama mwanzo mpaka mwisho. Hakugeuka hata cheche zilipomrukia kwenye viatu.

Mshono wa Spoku ukatoka mnene, umejaa mabonge, kazi ambayo asingethubutu kumrudishia mteja wa baiskeli. Akaziba kitundu. Akaichomelea nyundo pale ilipo. Alipoinua barakoa macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi.

"Barakoa ya nini basi, kama moshi unaingia?" dada yake akamwambia.

Afisa akapuliza kwenye mdomo wa mtutu, mashavu yakajaa hewa, hakuna kilichopita. Akajaribu nyundo, haikutikisika. Akaandika, akagonga muhuri. Mthamini naye akaandika kwenye mstari wake maneno aliyoambiwa, chuma chakavu, akaikandamiza kalamu karibu atoboe karatasi. Alikuwa na hasira na Mama Fimbo, na sikumlaumu. Alipompa cheti alisema, "Mama, mimi nisingefanya hivi."

"Najua, mwanangu. Wewe umekutana nayo leo."

Cheti kilikuwa na jina lake. Alilisoma herufi moja moja, akitembeza kidole, akakikunja akakiweka kifuani.

Gobori lilibaki chini, lina madoa meusi ya moto kwenye rangi ya fedha, lina uvimbe mdomoni, na vanishi imeungua upande mmoja. Mimi nimeona vitu vingi vibovu, nimeishi kwa kuviziba, lakini kilichokuwa kibaya kuliko kile sikumbuki. Lilikuwa limepata ule uzito wa nondo, na kwenye keria halikai tena, linaelemea upande, baiskeli inataka kuanguka.

Spoku alijaribu kulifunga mara mbili, likamshinda. Akasimama na kamba mkononi, kichwa chini.

"Dada, nisamehe."

"Usinisemeshe."

"Nitaikwangua rangi yote, polepole, kwa mkono..."

"Ukiligusa tena kwa kitu chochote kinachokwaruza nitakushona ndani ya godoro. Nimesema usinisemeshe." Akainama, akashika upande wa mdomo, penye uvimbe uliokuwa bado una joto, akaguna, akabadilisha mkono. "Unangoja nini? Shemeji, sukuma hiyo baiskeli yake. Na wewe shika huko kwenye kitako. Twende."

Wakaondoka wamelibeba katikati yao, wazi, bila kitambaa, kupitia barabara kubwa. Nilikuwa nyuma na baiskeli, na njia nzima nilimsikia anamsema, hatua baada ya hatua, bila kupumzika, na Spoku anaitikia, "Ndiyo, dada. Ndiyo, dada," amekaza mikono kwenye mti ule asiangushe.